Vidole vitatu nimeviacha kwenye mkanda wa kokoto, kazini wanataka niseme ni mashine ya kukoboa

Mponda Kokoto

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, tena kwa kidole kimoja, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Mimi ni kibarua kwenye machimbo ya kokoto mkoa wa Pwani. Jina la kampuni nalihifadhi. Nina miaka miwili na ushee pale, sina mkataba wa maandishi, nalipwa kila Jumamosi. Kabla ya hapo nilikuwa Kunduchi naponda mawe kwa nyundo, kwa hiyo mawe sijaanza kuyajua jana.

Kwa wasiojua karasha, mashine ya kuponda mawe, linavyofanya kazi: lori linamwaga mawe juu, mataya ya chuma yanayatafuna, yanadondokea kwenye mkanda wa mpira, mkanda unayapandisha kwenye chekeche. Mkanda unazungukia ngoma mbili, ya kichwani na ya mkiani. Ya mkiani iko chini kabisa, karibu na ardhi, na huko ndiko vumbi linakojikusanya. Masika likilowana linaganda kwenye ngoma kama ukoko kwenye sufuria, mkanda unapoteza mstari na kuanza kutembea upande. Lazima mtu ashuke akakwangue.

Inavyotakiwa ni kuzima kwanza. Sasa ukizima karasha likiwa na mawe mdomoni, kuliwasha tena ni shughuli. Mnapanda kuyatoa kwa mikono, saa nzima inakatika, huku malori yamepanga foleni hadi barabarani na mkuu wa zamu anapiga kelele. Kwa hiyo pale kwetu ngoma inakwanguliwa huku inazunguka. Zamani ilikuwa na kava la wavu. Likang'olewa kwa sababu eti linachelewesha kukwangua. Mimi nimelikuta limeegemezwa kwenye mwarobaini, kuku wa mlinzi wanatagia chini yake.

Siku hiyo nilikuwa na kipande cha nondo. Nondo ikanaswa kati ya mkanda na ngoma, glovu ikaifuata nondo, mkono ukaifuata glovu. Wakati ule sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, kama mtu anavunja muwa kwa goti. Swichi iko kibandani juu, hatua kama 40 kutoka pale. Aliyekimbia kuzima hata si mwenzetu, ni dereva wa lori aliyekuwa anasubiri kupakia.

Msimamizi alinikimbiza hospitali kwa pikapu, kwa hilo namshukuru. Ila tulipofika mapokezi akawahi kusema, "Mashine ya kukoboa mahindi, nyumbani kwao." Mimi sikuwa na hali ya kubishana na mtu. Cha shahada, cha kati na cha pete vimeondoka. Gumba lipo ila halikunji.

Leo ni wiki ya tano. Juzi wameniletea bahasha, ndani laki mbili, pamoja na karatasi nisaini kwamba nimepokea kifuta jasho na sina madai yoyote. Sijasaini. Hata ningetaka, ningesaini kwa mkono upi.

Naombeni ushauri, nianzie wapi?

Bwana Faida

Pole sana mkuu, Mungu akuponye. Ila tuambiane ukweli kama wanaume. Nani alikushika shati akakuambia uingize nondo kwenye mkanda unaotembea? Mtu mzima una akili zako, ungekataa. Mimi nina karasha dogo na vijana wanane, najua wanavyopenda njia za mkato. Ukiwapa glovu wanaenda kuziuza. Wakiumia, lawama kwa tajiri.

Duara la Saba

Bwana Faida, angekataa halafu Jumamosi akale nini? Kijana wa kuchukua nafasi yake alikuwa tayari amekaa getini toka saa kumi na moja alfajiri. Wewe mwenyewe unajua.

MsomaVifungu

Mponda Kokoto, pole. Hiyo karatasi usiisaini, na bahasha irudishe mbele ya shahidi. Nakwenda haraka maana kuna siku zinahesabika.

Kukosa mkataba wa maandishi hakukuondoi kwenye ajira. Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa pale: anapangiwa saa au namna ya kufanya kazi, anapewa zana, anamtegemea mwajiri kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwisho. Saa 45 kwa mwezi! Wewe hizo unazimaliza kwa wiki moja. Wakitaka kusema wewe si mfanyakazi wao, kazi ya kuthibitisha ni yao.

Sasa fidia. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na Sheria Na. 20 ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kwenye mshahara wako hakukatwi hata senti, ndiyo maana vibarua wengi hawajui kama mfuko wenyewe upo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Hajatoa? Hilo ni kosa lake, wala lisikufunge wewe. Dai lako lina miezi 12. Wanagharamia matibabu. Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ukishapona, daktari anapima ulemavu uliobaki: ukiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unakuwa pensheni ya kila mwezi.

Na hili ni kwa ajili ya Bwana Faida: mfumo huu haukujengwa juu ya swali la nani mzembe. Umejengwa juu ya swali la kama mtu aliumia kazini, akifanya kazi aliyotumwa. Huyu alitumwa kukwangua ngoma.

Halafu mkuu, wamekufukuza au bado? Kama kuna mtu amekuambia usirudi, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Watu wengi wanauguza kidonda miezi mitatu, wakija kushtuka mlango umeshafungwa.

Mponda Kokoto

Hawajanifukuza kwa mdomo. Wamesema "pumzika, tutakuita".

Bwana Faida, sijachukia. Lakini ule mkanda nimeukwangua zaidi ya mara mia ukiwa unatembea, na hakuna hata siku moja niliyoambiwa kuwa ni kosa. Nilichoambiwa ni kwamba nina mkono mwepesi.

sista_wa_zamu

Mimi ni muuguzi, zamu nyingi nimekaa kitengo cha majeruhi. Hiyo ya "mashine ya kukoboa" tunaisikia sana. Wengine huja na "nilianguka na bodaboda" huku kichwani wana vumbi jeupe la mawe hadi kope.

Kaka, historia aliyoitoa msimamizi imeandikwa na haifutwi. Ila maelezo ya mgonjwa mwenyewe yanaweza kuongezwa. Nenda na kadi yako, omba kumwona daktari aliyekufanyia upasuaji, mwambie wewe ndiye mgonjwa na hukuwa na hali ya kujieleza siku ile. Aongeze maelezo yako kwa tarehe ya leo. Halafu omba nakala ya taarifa ya upasuaji yenyewe. Kabla ya kushona, kidonda kinaoshwa, na kilichotolewa ndani kinaandikwa. Mashine ya kukoboa huacha pumba. Haiachi changarawe.

Na kwa wengine mnaosoma, maana leo ni yeye na kesho hujui: kidole kikikatika, kiokoteni. Kifungeni kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, tieni kwenye mfuko wa nailoni ufungwe, mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Msikitumbukize kidole kwenye barafu moja kwa moja, kinaungua. Sisemi kitashonwa, hospitali zenye uwezo huo ni za kuhesabu, lakini kisiachwe kifusini.

La pili ni la wale wa mashimo. Mtu akibanwa na jiwe pajani kwa saa kadhaa, mnamkuta anaongea vizuri, anaomba maji, hata anatania. Mnalinyanyua jiwe kwa shangwe, baada ya muda mfupi moyo unasimama. Watu wanasema kachukuliwa na mizimu ya mgodi. Si mizimu. Misuli iliyopondwa inajaza sumu, na damu ikianza kupita tena, sumu yote inakimbilia kwenye moyo na figo. Kama kuna mhudumu wa afya karibu, aitwe aje amtundikie dripu huyo mtu akiwa bado amebanwa, kabla jiwe halijaguswa.

Duara la Saba

Sista umenikumbusha mtu. Nilikuwa sijui sababu mpaka leo.

Mimi ni wa Geita, miaka 11 kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mponda Kokoto, wewe angalau una tajiri wa kumdai. Sisi hatuna mshahara. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, kuna mfadhili anayeleta chakula na dizeli, kisha sisi wachimbaji. Jiwe lenye dhahabu likitoka tunagawana mifuko. Lisipotoka, mmekula ugali na maharage miezi minne mkabaki na deni la dagaa. Sasa mtu wa mgao akifukiwa na kifusi, mwajiri wake ni nani? Mwenye leseni atasema huyo ni mbia wangu. Mbia gani analala kwenye turubai?

Lakini nataka kusema jambo kuhusu mwamba. Huku nje mkisikia shimo limetitia mnadhani ni kama radi. Mwamba hauanguki bila kuongea. Kwanza utasikia mchanga unachuruzika nyuma ya matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, ndo ndo ndo, kama panya darini. Kisha magogo yenyewe yanaanza kulia. Gogo likilemewa linatoa mlio, na ukiweka kiganja unalisikia linatetemeka. Ukiona gome linajibanua katikati ya timba, hapo si pa kuuliza. Tatizo mlio huo unaweza kuanza Jumatatu na shimo likaanguka Ijumaa, na Jumatano ndiyo siku mmeukuta mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba. Nani anapanda juu Jumatano?

Matimba ni gharama. Miti imekuwa mbali, fuso moja la magogo ni hela. Kwa hiyo mwenye duara anapanga gogo hapa, anaruka, anapanga kule. Tena anatumia miti mibichi, ikikauka inasinyaa inaacha nafasi. Na mtu akiona ukuta una dhahabu anachimba pembeni mwa timba hadi linabaki linaning'inia.

Mnaikumbuka Nyangarata kule Kahama, 2015? Watu sita walifukiwa Oktoba, msiba ukakaliwa, matanga yakaanuliwa. Baadaye wachimbaji wenzao wakasikia sauti chini. Baada ya siku 41 watano wakatolewa hai, wakiwa wamekula magome ya miti, mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyokuwa yanadondoka. Mmoja alikuwa ameshafia humo humo. Nchi nzima ikasema muujiza. Sawa, muujiza. Lakini waliokuwa wameacha kutafuta walikuwa ni sisi.

Bwana Faida

Hapo kwenye timba kuning'inia nakubali, nimeona kwa macho. Ila hamjasema na upande wa pili. Serikali ikifunga eneo kwa sababu ya mvua, hao hao wachimbaji wanaingia usiku. Ng'alita kule Bariadi, Januari 2024, watu 22 walikufa, na eneo lilikuwa limeshazuiwa kwa ajili ya mvua. Hapo tajiri yupi wa kulaumu?

Duara la Saba

Walizuiwa, kweli. Zuio halina unga ndani yake, mzee.

Kitalu B

Habari kutoka Mirerani. Wana Apolo, wachimbaji wa tanzanite, tupo.

Huku kwetu mwamba ni mgumu, kuporomoka si tatizo kubwa kama kwa ndugu zetu wa dhahabu. Kinachotumaliza ni maji na hewa. 1998 mvua iliingia mashimoni watu wakiwa chini. 2008 yakajirudia hayo hayo, Machi, makumi ya watu. Katikati hapo, 2002, wakafa watu wapatao 40 bila tone la maji, kwa kukosa hewa tu. Shimo likienda mamia ya mita, hewa yote unayovuta inatoka kwenye bomba la kompresa iliyo juu. Anayeiangalia ni kijana mmoja mwenye dumu la dizeli. Akisinzia yeye, mmesinzia wote.

Na ile hewa mbaya huioni. Baada ya baruti kuna moshi, huo unauona unausubiri uondoke. Unaotuulia watu ni ule usio na rangi wala harufu, wa injini. Nimeona watu wanateremsha pampu ya petroli ndani ya shimo wavute maji, wanaiwasha huko huko chini. Wa kwanza anaanguka. Rafiki yake anashuka kumtoa, anaanguka juu yake. Wa tatu anashuka na kitambaa kilicholowa puani, kana kwamba kitambaa kinachuja kitu. Maiti tatu kwenye shimo moja, na aliyeuawa na ajali yenyewe ni wa kwanza tu.

Kengele ya zamani ilikuwa mshumaa. Ukififia, panda. Lakini mshumaa unakuambia hewa imepungua, haukuambii kuna moshi wa injini. Watu wanachanganya hayo mawili na kufa wakiwa na mshumaa unawaka.

Kuhusu vumbi ndiyo sisemi mengi. Sisi tunachoronga kwenye mwamba wenye kinywe, mtu anatoka mweusi kama kapakwa lami. Kaka yangu alichoronga miaka 9. Alianza kikohozi, akatibiwa kifua kikuu, kikarudi, akatibiwa tena, mwisho akapelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Siha. Huko ndiko walimwambia mapafu yameshagandamana kwa vumbi la mawe na kwamba mapafu ya namna hiyo kifua kikuu kinayapenda. Ana miaka 38. Kwenda chooni na kurudi anapumzika mara mbili. Hiyo ajali haikuwa na tarehe, sasa ataandika fomu gani?

MsomaVifungu

Kitalu B, fomu ipo. Sheria ile ya 2008 inafidia na magonjwa yatokanayo na kazi, na ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi umo. Shida ni ile aliyoisema Duara la Saba: lazima awepo mwajiri. Kama kaka yako alikuwa kwa mgao, njia ni nyembamba. Kama kuna kipindi alilipwa posho ya kila wiki na mtu mmoja, anzia hapo, tafuteni mashahidi wa kipindi hicho.

Shifti ya Usiku

Nimefanya mgodi mkubwa wa dhahabu Kanda ya Ziwa, upande wa mitambo. Nikisoma habari ya ngoma ya mkiani nawashwa mikono, kwa sababu kile kitu kina dawa na dawa yake ni ya bei ya chini kuliko tairi moja la lori.

Kwetu hakuna anayegusa mkanda kabla ya kufunga kufuli. Sisemi kuzima swichi, nasema kufuli. Unakwenda kwenye swichi kuu, unaishusha, unaifunga kwa kufuli lako lenye picha yako, na ufunguo unautia mfukoni mwako. Mkiingia watu watano, kufuli tano. Hata mkurugenzi aje na helikopta, mkanda hauwaki mpaka wewe mwenyewe utoke ufungue. Kisha unarudi kubonyeza kitufe cha kuwasha, kuhakikisha kweli umezima ile yenyewe na si ya jirani. Kuna fundi mmoja mzoefu alizima mkanda namba 3 akaingia namba 4. Alifunguka macho alipoona kifaa chake kinaondoka.

Cha pili ni kamba. Kando ya mkanda mzima inapita kamba, ukiivuta popote ulipo mkanda unasimama. Mponda Kokoto angekuwa nayo, asingemhitaji dereva wa watu akimbie hatua 40.

Cha tatu, glovu. Karibu na kitu kinachozunguka glovu pana ni mtego. Naona Bwana Faida analalamika vijana wanauza glovu, kwa kazi ile heri waliziuza.

Na hiyo saa moja ya kutoa mawe: wakibadilisha utaratibu tu, wakaacha kulisha karasha dakika chache kabla ya kuzima, mdomo unakuwa mtupu na linawaka bila shida. Hakuna mtu alihitaji kupoteza vidole kwa ajili ya saa ile.

Bwana Faida

Hilo la kuacha kulisha kwanza sisi tunafanya. Kamba sina. Hiyo kamba inafungwaje, unahitaji fundi umeme au?

Shifti ya Usiku

Fundi umeme yeyote anayejua mota. Nitumie picha ya kibanda chako faragha nikuelekeze.

Mwana Kware

Poleni ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, Juja, upande wa Ndarugu, tunakata mawe ya kujengea kwa mashine. Mashimo yetu huku tunayaita kware. Msumeno unatembea juu ya reli, diski imesimama wazi, na opareta anarudi kinyumenyume akiuvuta. Akijikwaa kwa jiwe... basi. Nimeona mguu mmoja, sitaki kuona wa pili.

Kwetu sheria ya fidia ya kuumia kazini ni ya mwaka 2007, watu huiita WIBA. Ukifa ama ukipoteza uwezo wote wa kufanya kazi, ni mapato ya miezi 96. Hakuna mfuko wa serikali kama wenu, mwajiri anafaa kuwa na bima. Lakini nenda kware yoyote uulize nani ana bima ya vibarua, watakucheka. Wengi wetu tunalipwa kwa idadi ya mawe. Siku ukiumia mchango unapigwa, kila mtu anatoa mia mbili, na jioni hiyo hiyo mashine inaendelea kukata kwa sababu mwenye mashine ameikodisha kwa siku.

Nauliza, huyo dereva wa lori mmempata? Huyo ndiye shahidi. Si mfanyakazi wao, hawawezi kumtisha na kazi.

Mponda Kokoto

Mwana Kware, Mungu akubariki. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mponda Kokoto

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita wiki tatu, samahani kwa kimya, simu ilizimwa laini. Nilipokwenda kuirudisha wakala akaniambia weka gumba la kulia, mashine ikakataa mara sita. Akaniuliza, "Una kidole kingine?" Nikamwonyesha. Akanyamaza, tukatumia la kushoto.

Bahasha nimeirudisha mbele ya mjumbe wa shina. Msimamizi hakufurahi.

Hospitali sista alikuwa sahihi. Daktari hakuleta shida, alinisikiliza, akaongeza maelezo yangu na kupiga mhuri. Taarifa ya upasuaji nimeisoma mwenyewe, kuna mstari unasema kidonda kilikuwa na grisi na chembe za mawe. Nimeupiga picha, nautazama kila siku kama picha ya mtoto.

Dereva tumempata kwa kupitia daftari la getini. Mlinzi, yule mwenye kuku, alinifungulia daftari usiku. Namba ya lori ipo, saa ya kuingia ipo, na dereva hakuondoka na mzigo siku ile kwa sababu mkanda ulisimama. Amekubali kuandika maelezo. Alichoniambia kwenye simu: "Mimi ule mlio bado nausikia nikiwa naendesha."

Dai limepokelewa WCF. Walishangaa kidogo mwajiri hajatoa taarifa, wakasema watamwandikia wao. Pia nilipeleka malalamiko OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, na kwa Afisa Madini Mkazi, maana niligundua kokoto nazo kisheria ni madini, kumbe miaka yote hii mimi ni mchimba madini na sijui. Wakaguzi walifika. Sikuwepo, nimesimuliwa.

sista_wa_zamu

Alhamdulillah. Na mazoezi ya gumba je? Usiliache likagandamana. Maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kunja taratibu, hata kama linauma.

Mponda Kokoto

Nafanya sista. Nakunja kwa kutumia mpira wa mtoto. Jana limegusa kidole kidogo.

Bwana Faida

Nimefunga kamba. Mikanda yote miwili. Nimeona niseme tu.

Kitalu B

Hongera kaka. Kava lao limerudishwa?

Mponda Kokoto

Limerudishwa siku ile ile wakaguzi walipokuja, limepakwa rangi ya njano, linang'aa. Kuku wamehamia chini ya tangi la dizeli.

Hilo ni la mkanda wangu. Mkanda wa pili, ule unaopeleka vumbi, bado uko wazi, wakaguzi walionyeshwa mmoja. Nimempigia kijana aliyechukua nafasi yangu, nikamwambia huo wa pili asiuguse mpaka uzimwe. Akaniambia sawa kaka, nimekusikia, ila mkuu wa zamu ni yule yule.